Nani Hulipia Ulinzi wa Mfanyakazi?

Sheria inayomkinga mfanyakazi asifukuzwe ovyo hufanya mambo mawili kwa mkupuo. Humpa aliye kazini utulivu wa kupanga maisha yake: kulipa kodi ya nyumba, kusomesha watoto, kukopa katika chama cha akiba akiwa na hakika kwamba mwisho wa mwezi mshahara utaingia. Humbebesha mwajiri mzigo pia. Kumwondoa mtu kunagharimu fedha na muda, na mwajiri anayelijua hilo huanza kulipigia hesabu siku ileile anapofikiria kuajiri. Hapo ndipo ulipozuka mjadala ambao umezigawa serikali, vyama vya wafanyakazi na wachumi tangu miaka ya 1980. Upande mmoja husema ulinzi mkali ndio unaowanyima vijana kazi. Upande mwingine husema kazi isiyo na ulinzi ni utumwa wenye mshahara. Ushahidi uliokusanywa katika nchi nyingi hauupi ushindi upande wowote. Unachoonyesha ni kwamba ulinzi wa kazi hauamui sana idadi ya watu watakaokosa ajira; huamua zaidi ni akina nani watakaoikosa, na watakaa bila kazi kwa muda gani.

Ulinzi unaohusika hapa ni ule unaozunguka mwisho wa ajira: notisi kabla ya kuachishwa, wajibu wa mwajiri kutoa sababu halali na kumsikiliza mhusika, malipo kwa kila mwaka wa utumishi, mashauriano na chama cha wafanyakazi pale kampuni inapopunguza watu, na mipaka ya kutumia mikataba ya muda. Kima cha chini cha mshahara ni suala jirani lenye mjadala wake, na halifuatwi hapa.

Namna gharama hizi zinavyofanya kazi huonekana vizuri kwa mfano wa mwenye kiwanda cha nguo aliyepata oda kubwa ya sare za shule. Anahitaji mafundi kumi zaidi, lakini hajui kama mwakani oda itarudi. Ikiwa kumwondoa fundi hakumgharimu kitu, ataajiri wote kumi leo, na oda ikikatika atawaambia waende nyumbani. Ikiwa kumwondoa kila mmoja kutamgharimu mshahara wa miezi sita pamoja na kesi, ataajiri wanne au watano, na waliopo atawapa saa za ziada. Hadi hapo ulinzi unaonekana kupunguza ajira. Lakini oda ikikatika, wale watano hawatoki, kwa sababu kuwatoa ni ghali. Mwenye kiwanda atawavumilia msimu mmoja au miwili akingoja biashara irudi. Nyakati za neema huajiriwa wachache zaidi, nyakati za shida hufukuzwa wachache zaidi. Zikijumlishwa nyakati zote mbili, wastani wa walio kazini unaweza kupanda, kushuka au kubaki palepale. Samuel Bentolila na Giuseppe Bertola walilionyesha hili kwa hesabu mwaka 1990, wakati ambapo wengi Ulaya walikuwa wameshaamini kwamba sheria za kazi ndizo zilizoligandisha bara lao.

Kinachobadilika kwa hakika ni mwendo. Mwaka 2001 Olivier Blanchard na Pedro Portugal walichapisha ulinganisho wa Ureno na Marekani, nchi ambazo viwango vyao vya ukosefu wa ajira vilikuwa vimelingana kwa miaka mingi. Marekani, isipokuwa katika jimbo la Montana, mwajiri wa sekta binafsi anaweza kwa kawaida kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, mradi asivunje sheria za ubaguzi au mkataba. Ureno ilikuwa miongoni mwa nchi zenye ulinzi mkali kuliko zote katika dunia ya viwanda. Asilimia zililingana, lakini nyuma yake kulikuwa na maisha tofauti kabisa. Ureno watu waliopoteza kazi kila mwezi walikuwa wachache sana wakilinganishwa na Marekani. Ila aliyeipoteza alikaa bila kazi kwa muda uliozidi mara tatu ule wa Mmarekani. Tarakimu moja inayosomwa kwenye taarifa ya habari, asilimia fulani ya wasio na ajira, inaweza kuwa ya watu wengi wanaopita haraka au ya watu wachache waliokwama. Kukwama kunaumiza zaidi. Ujuzi huchakaa, akiba huisha, na mwajiri anayesoma wasifu wenye pengo la miaka miwili huanza kujiuliza maswali.

Historia nayo hukanusha maelezo mepesi. Katika miaka ya 1960 nchi nyingi za Ulaya Magharibi zilikuwa na ukosefu wa ajira mdogo kuliko Marekani, na baadhi yake zilikuwa tayari na sheria zinazozuia kufukuza watu ovyo. Ujerumani Magharibi ilitunga yake mwaka 1951. Sheria hizohizo zilikuwepo wakati wa neema na zikaendelea kuwepo wakati ukosefu wa ajira ulipopanda baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973 na 1979. Kitu kilichokuwepo kabla na baada ya ugonjwa hakiwezi kuwa sababu yake pekee. Blanchard na Justin Wolfers walilieleza hili mwaka 2000: mitikisiko ya uchumi ndiyo iliyoanzisha tatizo, na taasisi za soko la kazi zikachangia katika kuamua lingedumu muda gani katika kila nchi.

Utafiti wa Edward Lazear wa mwaka 1990 ulikuwa umeonyesha kwamba malipo makubwa ya kuachishwa kazi huandamana na ajira ndogo, na ulitajwa sana na waliotaka sheria zilegezwe. Wachumi wengine walipoupitia upya waliona uhusiano huo ukidhoofika. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ambalo mwaka 1994 lilizihimiza nchi wanachama zilegeze ulinzi huu, mwaka 2004 lilikiri kwamba athari yake kwa jumla ya ukosefu wa ajira haiko wazi. Jambo ambalo shirika hilo liliona kwa uwazi zaidi ni mgawanyo: ulinzi mkali huwafaa zaidi watu wazima walio kazini tayari, na huwabana wanaobisha hodi, hasa vijana na wanawake wanaorudi kazini baada ya kulea.

Hispania ndiyo nchi iliyoujaribu mvutano huu kwa namna nyingi kuliko majirani zake, na raia wake wameulipia sana. Chini ya utawala wa Francisco Franco vyama huru vya wafanyakazi vilipigwa marufuku na mgomo ulikuwa kosa. Kama malipo ya ukimya huo, dola ilimzuia mwajiri asimfukuze mtu kwa urahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliokosa kazi walikuwa asilimia chache tu, na sehemu ya maelezo ilikuwa nje ya mipaka: Wahispania zaidi ya milioni moja walikuwa wamekwenda kutafuta riziki Ufaransa, Ujerumani na Uswisi. Franco alikufa Novemba 1975. Miaka kumi baadaye, mtu mmoja kati ya kila watano katika nguvukazi hakuwa na kazi. Viwanda vya chuma na karakana za meli vilikuwa vinafungwa, mafuta yalikuwa ghali, na wahamiaji walikuwa wamerudi nyumbani.

Serikali ya Felipe González ilichukua hatua mwaka 1984. Kugusa mikataba ya waliokwisha kuajiriwa kungeleta vita na vyama vya wafanyakazi, kwa hiyo mikataba hiyo iliachwa ilivyo na ukafunguliwa mlango wa pembeni: mwajiri aliruhusiwa kumchukua mtu kwa mkataba wa muda hata kwa kazi ambayo kwa asili yake ni ya kudumu, kwa kipindi kisichozidi miaka mitatu. Tofauti ya bei kati ya milango hiyo miwili ilikuwa kubwa. Mfanyakazi wa kudumu aliyefukuzwa isivyo haki alistahili mshahara wa siku 45 kwa kila mwaka wa kazi, mpaka kufikia mshahara wa miezi 42. Aliyefanya kazi miaka kumi aliondoka na malipo ya siku 450. Mwenzake wa mkataba wa muda, anayefanya kazi ileile kwenye meza ya jirani, aliondoka na siku 12 kwa mwaka.

Waajiri walifanya kile ambacho bei hizo ziliwaelekeza kufanya. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwajiriwa mmoja kati ya kila watatu Hispania alikuwa na mkataba wa muda. Ajira ziliongezeka kweli katika miaka ya kwanza, na serikali ilijivunia hilo. Lakini kijana alipokaribia mwaka wa tatu, mwajiri alikuwa na uamuzi mmoja: ampandishe awe wa kudumu na kuingia kwenye gharama ya siku 45, au amwache aende na kumchukua mwingine. Wengi walichagua la pili. Kijana akahama kutoka mkataba hadi mkataba, huku katikati akikaa wiki au miezi bila kazi. Hakuna aliyegharamia mafunzo ya mtu ambaye ataondoka. Benki hazikumpa mkopo wa nyumba. Wengi walibaki kwa wazazi wao hata walipokaribia miaka 30.

Assar Lindbeck na Dennis Snower walikuwa wameandika juu ya hali ya aina hii katika miaka hiyohiyo, wakiwagawa wafanyakazi kuwa walio ndani na walio nje. Aliye ndani anaweza kudai nyongeza ya mshahara bila hofu kubwa, kwa kuwa pigo likija litampata kwanza wa nje. Vyama vya wafanyakazi havikuwa na nia mbaya. Wanachama wao wengi walikuwa wa kudumu, na chama hulinda wanachama wake. Hata hivyo itakuwa si haki kusema kwamba vyama hivyo vilikaa kimya. Serikali ilipoleta mpango wa mikataba hafifu zaidi kwa vijana, vyama viwili vikubwa, UGT na CCOO, viliitisha mgomo wa nchi nzima tarehe 14 Desemba 1988. Hispania ilisimama siku nzima, na mpango ule ukaondolewa.

Hesabu kamili ililetwa na mwaka 2008. Ujenzi wa nyumba, uliokuwa umebeba uchumi kwa muongo mzima, ulianguka. Kampuni hazikuhitaji kufukuza mtu. Ziliacha tu mikataba ikaisha. Ukosefu wa ajira uliokuwa karibu asilimia 8 mwaka 2007 ulifika takriban asilimia 18 mwaka 2009 na ukapanda hadi karibu asilimia 27 mwanzoni mwa mwaka 2013. Miongoni mwa vijana wa chini ya miaka 25 waliokuwa katika nguvukazi, zaidi ya nusu hawakuwa na kazi. Tayari Mei 2011 maelfu ya vijana walikuwa wameweka kambi ya maandamano katika uwanja wa Puerta del Sol, mjini Madrid.

Ufaransa ni kipimo kizuri hapa. Kabla ya mgogoro nchi hizo mbili zilikuwa na kiwango kinachofanana, karibu asilimia 8, na zote zina sheria kali za kazi. Ufaransa ilipanda hadi karibu asilimia 10 na kusimama. Bentolila na wenzake, akiwemo Mfaransa Pierre Cahuc, walikadiria mwaka 2012 kwamba kama Hispania ingekuwa na pengo la Ufaransa kati ya mikataba ya kudumu na ya muda, karibu nusu ya ongezeko lake la ukosefu wa ajira isingetokea. Linalosemwa na utafiti huo ni mahususi: lawama haiendi kwa ulinzi wenyewe, inakwenda kwa ukuta uliojengwa kati ya waliolindwa na wasiolindwa. Wanasiasa wengi waliounukuu walisoma nusu tu ya hoja hiyo.

Mwaka 2012 serikali ya Mariano Rajoy ilipunguza upande wa ghali. Siku 45 zikawa 33, kikomo cha miezi 42 kikashuka hadi miezi 24, na sababu za kiuchumi za kupunguza wafanyakazi zikapanuliwa. Vyama vilijibu kwa mgomo wa nchi nzima tarehe 29 Machi. Ajira zilianza kurudi mwaka 2014, lakini robo ya waajiriwa waliendelea kuwa wa muda. Kushusha bei ya mlango wa mbele kulisaidia kidogo. Mlango wa pembeni ulikuwa bado wazi.

Mlango huo ulibanwa Desemba 2021. Waziri wa kazi, Yolanda Díaz, alifikia makubaliano na vyama vya wafanyakazi pamoja na shirikisho la waajiri, jambo lisilo la kawaida kwa mabadiliko ya uzito huo. Bunge liliyathibitisha tarehe 3 Februari 2022 kwa kura 175 dhidi ya 174, na kura iliyoamua ilikuwa ya mbunge wa upinzani aliyebonyeza kimakosa. Mkataba wa kazi mahususi, uliokuwa ukitumika zaidi kuzungusha watu, ulifutwa. Mkataba wa muda ukabaki kwa ongezeko la kazi la miezi michache au kushika nafasi ya asiyekuwepo. Kwa kazi za msimu, kama za hoteli za Mallorca zinazojaa kiangazi na kufungwa baridi ikiingia, ulipanuliwa mkataba wa kudumu unaolala na kuamka: mfanyakazi husimama msimu ukiisha, na mwajiri analazimika kumwita tena msimu ukianza.

Ilitabiriwa na baadhi ya watu kwamba kukaza sheria hivyo kungeua ajira. Haikuwa hivyo. Sehemu ya waajiriwa wa muda ilishuka kutoka takriban robo hadi karibu asilimia 16 au 17, walio kazini wakapita milioni 21, na ukosefu wa ajira ukashuka hadi kiwango cha chini kuliko vyote tangu mwaka 2008. Si haki kuyahesabu mafanikio yote hayo kuwa kazi ya sheria, kwa sababu utalii ulirudi kwa nguvu baada ya korona na fedha za Umoja wa Ulaya ziliingia. Wakosoaji pia wana hoja: mfanyakazi wa msimu aliyelala hahesabiwi katika orodha ya serikali ya waliojiandikisha kutafuta kazi, na wanaoachishwa wakati wa majaribio wameongezeka. Serikali yenyewe, katika hospitali na shule zake, imeendelea kutumia mikataba ya muda kwa kiwango kinachozidi cha kampuni binafsi. Pamoja na hayo, kilichotokea kinatosha kuivunja imani kwamba kila hatua ya ulinzi hulipiwa kwa ajira zilizopotea.

Denmark ilifika mahali pengine kwa njia ya zamani zaidi. Mwaka 1899, baada ya waajiri kuwafungia wafanyakazi milango kwa miezi kadhaa, pande mbili zilitia saini Makubaliano ya Septemba: waajiri walivitambua vyama vya wafanyakazi, na vyama vikatambua haki ya mwajiri kuajiri na kuachisha. Msingi huo haujabomolewa. Kibarua cha Mdenmark kinaweza kuota nyasi kwa urahisi kuliko cha Mreno au Mhispania, lakini akiwa mwanachama wa mfuko wa ukosefu wa ajira hulipwa hadi asilimia 90 ya mshahara wake wa awali, ndani ya kikomo kinachowekwa na serikali, kwa muda wa miaka 2. Kabla ya mwaka 2010 ilikuwa miaka 4. Juu ya hapo kuna mafunzo, washauri na masharti ya kutafuta kazi kwa bidii. Kinacholindwa ni mtu na kipato chake, nafasi yenyewe ikiachwa ije na kuondoka.

Wanaoisifu Denmark kwa urahisi wa kufukuza husahau jambo moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 urahisi huo ulikuwepo vilevile, na ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 10. Ulishuka baada ya serikali ya Poul Nyrup Rasmussen, kuanzia mwaka 1994, kubadilisha mfumo wa mafunzo na kuweka masharti mapya kwa wanaolipwa, na wakati huo uchumi nao ulikuwa umeanza kukua. Kulegeza sheria peke yake hakukuwa kumetosha. Tena mfumo huu ni ghali: Denmark ni miongoni mwa nchi zinazotumia sehemu kubwa zaidi ya pato la taifa kwa watu wasio na kazi, na kodi zake ni nzito.

Ujerumani ilionyesha njia ya tatu mwaka 2009. Uzalishaji wake ulishuka kwa takriban asilimia 5, zaidi ya ulivyoshuka wa Hispania mwaka huo. Ukosefu wa ajira ulipanda kidogo mno. Kampuni zilipunguza saa badala ya watu, na mfuko wa umma ukafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Mfumo huo, Kurzarbeit, ulifikia karibu watu milioni moja na nusu katikati ya mwaka ule. Mwaka 2020 Hispania nayo ilitumia chombo cha aina hiyo kwa zaidi ya wafanyakazi milioni 3 wakati wa korona, na safari hii ukosefu wa ajira ulipanda hadi asilimia 16 tu, katika mwaka ambao uchumi uliporomoka kuliko mwaka 2009. Marekani haikuwa na ngao kama hiyo kwa upana huo: Aprili 2020 ukosefu wa ajira ulizidi asilimia 14, ingawa ulishuka haraka waajiri walipowaita watu warudi.

Hoja hizi zote zimejengwa juu ya nchi ambamo wafanyakazi wengi wana mkataba na jina lao liko kwenye orodha ya mishahara. Afrika Mashariki ni tofauti, na kuinakili hoja ya Ulaya bila kulitambua hilo ni kujidanganya. Nchini Kenya, ukiondoa kilimo kidogo, zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 wanaofanya kazi wako katika jua kali na shughuli nyingine zisizo rasmi. Mtu asiye na mfuko wa kumlipa akikosa kazi hawezi kumudu kuitwa asiye na ajira. Atatembeza mitumba, ataendesha bodaboda, atasimama asubuhi kwenye lango la eneo la ujenzi kutafuta deiwaka. Kiwango rasmi cha ukosefu wa ajira kinaweza kuwa kidogo huku dhiki ikiwa kubwa. Bei ya ulinzi, ikiwepo, huonekana kwa sura nyingine: mstari kati ya ajira rasmi na ajira isiyo rasmi.

Kenya ilikutana na ugumu huu mapema. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kwamba waajiri binafsi waongeze ajira kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, na vyama kwa upande wao visitishe migomo na madai ya nyongeza. Kazi zikaongezeka mjini, na habari hiyo ikawavuta watu wengi zaidi kutoka mashambani kuja kuzitafuta. John Harris na Michael Todaro waliichambua hali ya aina hiyo katika makala yao ya mwaka 1970, wakieleza kwamba pengo kati ya mshahara wa mjini na kipato cha shamba linaweza kufanya kila kazi mpya mjini ivute zaidi ya mtafutaji mmoja. Miaka miwili baadaye ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulisema tatizo kuu la Kenya lilikuwa wenye kazi waliobaki maskini, na ripoti yake ndiyo iliyoitambulisha dunia kwa upana na sekta isiyo rasmi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ilijaribu kuusogeza mstari huo. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe kama anayelipwa kwa mwezi, na hivyo astahili notisi ya siku 28. Anayepunguzwa kazini hulipwa angalau siku 15 kwa kila mwaka. Kifungu cha 37 ni chema, lakini kina udhaifu uleule wa mwaka wa tatu wa Hispania. Mwajiri asiyetaka kuvuka kizingiti humpumzisha kibarua kabla mwezi haujatimia, kisha humwita tena, au humchukua kupitia wakala ambaye kwenye karatasi ndiye mwajiri. Maofisa wa kazi wa kukagua ni wachache kuliko viwanda na mashamba ya kukaguliwa.

Tanzania ina historia ndefu ya ulinzi huu. Sheria ya mwaka 1964 iliweka kamati za wafanyakazi katika sehemu za kazi na kumnyima mwajiri uhuru wa kufukuza papo kwa papo. Ilifutwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na migogoro huanzia katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Gharama ya kuachisha kihalali si kubwa: kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Ni sehemu ndogo ya kile ambacho Mhispania hupata. Aliye chini ya miezi 6 kazini hakingwi na masharti ya kuachishwa isivyo haki. Anayedai kwamba vijana wa Dar es Salaam wanakosa kazi kwa sababu ya siku 7 kwa mwaka anapaswa kueleza kwa nini Hispania, ambako malipo hayo ni makubwa zaidi, inaweza kuongeza ajira mwaka baada ya mwaka. Mtaji, umeme, barabara, masoko na elimu vina uzito mkubwa zaidi katika hesabu ya mwajiri wa Tanzania.

Mwaka 2018 mabadiliko ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya Tanzania yalileta kitu kinachokaribia wazo la Denmark. Fao la kujitoa, lililomruhusu aliyeachishwa kuchukua michango yake yote, lilikuwa limezua malumbano makali, na mahali pake likawekwa fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na kuachishwa bila kosa lake. Kiasi ni kidogo na muda ni mfupi, lakini kanuni yake ni sahihi, kwa kuwa inamfuata mtu na haimdai mwajiri wa jana. Masharti yake ndiyo yanayoibana. Fundi wa sare za shule anayeitwa kwa wiki tatu na kupumzishwa moja anaweza asifikishe miezi 18 ya michango hata akifanya kazi katika kiwanda kilekile kwa miaka mitano, na mara nyingi jina lake halijawahi kufikishwa kwenye mfuko. Mifuko inazo takwimu za waajiri na michango yao. Maofisa wa kazi wana mamlaka ya kukagua. Vyombo hivyo viwili vikikagua pamoja, na miezi iliyokatika ya kibarua ikajumlishwa kuwa muda mmoja wa uanachama, fao hilo litaanza kuwafikia walio nje bila mwajiri kuongezewa siku hata moja ya kiinua mgongo.